Donge moja, mizani mbili: nani amekosea?

*Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa nne chuoni hapa Mombasa, nasoma fizikia. Mradi wangu ni kupima tungamo la donge moja la vumbi ndani ya wingu linalozaa nyota, kwa picha za darubini ya APEX ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua. Donge lenyewe linatoa janski 5 (janski ni kipimo cha mng'ao unaotufikia) kwenye wimbi la maikromita 870, liko umbali wa parseki 3,000 (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26), na nusu kipenyo chake ni kama parseki 0.3. Mimi nimepata tungamo la Jua 813. Mwenzangu, kwa data ile ile na fomula ile ile, kapata 247. Tumerudia mara tatu. Tofauti pekee ni kwamba mimi niliweka halijoto ya kelvini 10 na yeye 20, kila mtu kwa makala aliyosoma. Nani kakosea? Na kama hakuna, hii ni sayansi ya namna gani? Baba yangu ni karani wa mizani. Nilipomsimulia alicheka, akasema kwao mizani ikipishana hivyo kuna mtu amekula. Halafu, vumbi la uzito wa Jua mia nane, mbona bado tunaliita vumbi?*

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi nakupa kabla chai haijapoa: hesabu zenu zote mbili ni sawa. Nimezipiga upya kwa kalamu na karatasi, kwa kapa ya sentimita za mraba 1.85 kwa kila gramu ya vumbi (kapa ni uwezo wa gramu ya vumbi kung'aa, nitaieleza zaidi baadaye) na gramu 100 za gesi kwa kila gramu ya vumbi, zikatoka zile zile: 813 kwa kelvini 10, 247 kwa kelvini 20. Kwa kelvini 15 inatoka 387. Kwa hiyo mizani ni nzima na hakuna aliyekula. Ila mmepima kitu kimoja kila mtu na dhana yake kuhusu ubaridi wake, na ubaridi huo hakuna kati yenu aliyeupima. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo nitakapokaa sana.

Kwanza swali lako la mwisho, maana linapotosha wengi. Ukisikia vumbi usifikirie mchanga wa Nyali. Chembe za angani nyingi hazifiki hata maikromita moja. Zinafanana zaidi na masizi ya koroboi. Ni silikati na kaboni, na ndani ya wingu lenye baridi zinajivika ganda jembamba la barafu. Na zile Jua 813 si za vumbi. Vumbi ni kama sehemu moja kwa mia tu. Kwa hesabu yako, Jua nane hivi. Zilizobaki ni gesi, karibu yote haidrojeni na heliamu.

Utauliza mbona basi tusipime gesi yenyewe. Shida ni kwamba haidrojeni haisemi. Molekuli yake ni atomu mbili zinazofanana kama mapacha, haina upande wenye chaji kuliko mwingine, kwa hiyo ni mvivu sana kutoa mawimbi. Mstari wake wa chini kabisa uko kwenye maikromita 28, na kuuwasha kunataka joto la kelvini mia kadhaa. Kwenye kelvini 10 au 20 imenyamaza kimya. Kaboni monoksaidi inasema sana, lakini pale panapotuhusu, kwenye kitovu cha donge, inaganda juu ya chembe za vumbi na kutoweka kwenye gesi. Na kabla ya kuganda huwa imejaa kiasi kwamba tunaona ngozi yake tu. Linabaki vumbi. Ni sawa na kukisia kilo za mchele kwenye sufuria ya pilau kwa kuhesabu karafuu: inawezekana, mradi unamjua mpishi na mkono wake. Ule uwiano wa 100 ndio mkono wa mpishi. Umetokana na vipimo vya ujirani wetu katika galaksi, na hatuna uhakika kwamba kila wingu limetiwa karafuu zile zile.

Hapo nikupe tahadhari iliyonigharimu mwenyewe. Baadhi ya makala huandika kapa kwa kila gramu ya vumbi, yaani 1.85. Nyingine huandika kwa kila gramu ya gesi na vumbi pamoja, yaani 0.0185, ile mia ikiwa imeshaingia ndani. Nilipokuwa na umri kama wako nilichukua ya pili kisha nikazidisha kwa mia tena. Nikampelekea msimamizi wangu donge zito kuliko wingu zima lililolibeba. Hakusema neno. Aligeuza karatasi, akachora wingu, akachora donge nje yake, akanirudishia.

Sasa twende kwenye mizani yenyewe. Jioni moja shuka Mama Ngina, kwa wale wachoma mishikaki. Simama hatua kumi kutoka kwenye jiko, funga macho, nyoosha kiganja. Unahisi joto. Je, jikoni mna makaa kilo ngapi? Kwa kiganja peke yake huwezi kusema. Huenda ni makaa machache yaliyoiva yakawa mekundu, huenda ni rundo kubwa lililofifia, na kiganja kikapata joto lile lile. Huenda pia jiko liko mbali kuliko ulivyodhani. Na kuna makaa yanayotoa joto vizuri na mengine yanayobania. Ukijua mambo matatu, yaani umbali, ukali wa moto na aina ya makaa, kiganja chako kinakuwa mizani. Likikosekana moja unabahatisha.

Fomula mliyotumia haina zaidi ya hayo. Tungamo ni mng'ao, mara umbali, mara umbali tena, kisha ugawanye kwa kapa na kwa kiasi ambacho gimba jeusi (kitu kinachong'aa kwa halijoto yake tu, bila kujali kimeumbwa na nini) la halijoto ile lingeng'aa kwa fomula ya Planck. Kinachoifanya ifae kwa madonge ni kwamba kwenye maikromita 870 donge linapenyeka. Mwanga wa chembe ya nyuma unapita kati ya chembe za mbele na kutufikia, kwa hiyo jumla ya mng'ao ni jumla ya chembe zote. Lingekuwa halipenyeki tungepima ngozi tu, kama kwa kaboni monoksaidi.

Dhana moja inabidi uitupe hapa hapa: kwamba donge linalong'aa zaidi ndilo zito zaidi. Donge lenye nyota changa tumboni linapashwa moto kutoka ndani na kung'aa kupita kiasi cha tungamo lake. Jirani yake lililo zito kuliko hilo, ila bado baridi, linaonekana hafifu. Ukichagua madonge kwa mng'ao na kuyapa yote kelvini 20, utasifu yenye moto na kuyapuuza yenye uzito.

Halijoto, basi. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba mng'ao hukua sambamba na joto hutarajia kwamba ukitoka kelvini 10 kwenda 20 tungamo litapungua nusu. Nyinyi mmeona linapungua mara 3.3. Sababu ni kwamba fotoni, yaani punje moja ya mwanga, ya maikromita 870 ina nishati inayolingana na kelvini 16.5 hivi. Chembe ya vumbi ya kelvini 10 haina nishati ya kutosha kuitoa kwa urahisi, inajikamua. Ukiiongezea joto kidogo, inaachia fotoni nyingi ghafla. Ndiyo maana kwenye baridi kali kosa dogo la halijoto linakuwa kosa kubwa la tungamo. Juu zaidi mambo yanatulia: kosea ukaandika 50 badala ya 40, tungamo litapungua kwa kama robo tu. Bahati mbaya madonge ambayo bado hayajazaa nyota, yale tunayoyataka zaidi, ndiyo baridi kuliko yote.

Kwa hiyo usichague halijoto kwenye makala ya mtu mwingine aliyepima wingu jingine. Ipime. Una njia mbili, na zote unaweza kuzifuata ukiwa umeketi Tudor na kompyuta na intaneti isiyokatika.

Ya kwanza ni Herschel, darubini ya Shirika la Anga la Ulaya yenye kioo cha mita 3.5, iliyorushwa Mei 2009 na kunyamaza Aprili 2013 heliamu ya kupoza vifaa vyake ilipokwisha. Ilipiga picha ukanda mzima wa Njia Nyeupe kwenye maikromita 70, 160, 250, 350 na 500, na picha hizo ni za bure. Pima donge lako kwenye kila wimbi, chora mng'ao dhidi ya wimbi, uone mchoro unapanda wapi na kushuka wapi. Kilele kinakuambia halijoto. Wimbi la 70 liache nje, maana huko nyota changa zenyewe zinaingilia. Kisha kumbuka kuzifanya picha zote ziwe na ukungu sawa kabla ya kulinganisha: ya 500 inaona kwa sekunde 36 za tao (nyuzi moja ya pembe ina sekunde 3,600), ya 250 kwa 18. Ukiruka hatua hiyo utakuwa unalinganisha donge na kitovu chake.

Njia hii ina udhaifu wake na nisingependa uukute kwa mtahini. Donge halina halijoto moja. Nje linapigwa na mwanga wa nyota za jirani na kupata joto. Ndani, kivulini, ni baridi. Mwanga wa nje na wa ndani unatufikia pamoja, na kwa kuwa vumbi lenye joto linapiga kelele kuliko lenye baridi, mchoro wako utaegemea nje. Utapata halijoto ya juu kuliko ile ya sehemu kubwa ya tungamo, na tungamo pungufu. Tena Herschel, ukielekea kwenye ukanda wa galaksi, inakusanya pia vumbi la mbele na la nyuma lisilohusika. Lazima ulitoe.

Ya pili ni amonia. Molekuli hii hutoa mistari karibu na gigahezi 23.7, na uwiano wa mistari hiyo hubadilika kwa halijoto ya gesi. Ni kipimajoto ambacho maumbile yamekitundika ndani ya wingu lenyewe. Darubini za mita 100, ya Effelsberg kule Ujerumani na ya Green Bank kule Marekani, zimepima amonia kwenye mamia ya madonge. Kwenye msongamano mkubwa gesi na vumbi hugongana mara kwa mara hadi zikashiriki halijoto moja, kwa hiyo ya gesi inakufaa kwa vumbi. Pembezoni, ambako gesi ni nyepesi, usiamini ushirika huo. Mimi nikiwa na amonia na Herschel kwa donge moja, na zikapishana kwa kelvini 3 au 4, hujiegemeza kwa amonia kwa sehemu ya katikati. Wapo wenzangu watakaobisha.

Na kabla hujaanza kazi hiyo yote, tafuta kama mtu ameshaifanya. Picha zako za APEX zinatokana na msako unaoitwa ATLASGAL, na mwaka 2018 ilitoka orodha yenye halijoto, umbali na matungamo ya madonge karibu 8,000. Huenda lako limo. Pima lako hata hivyo, kisha linganisha.

Umbali ninaupa nafasi ndogo hapa, si kwa sababu ni mdogo. Unaingia kwenye fomula mara mbili, kwa hiyo kosa la asilimia 20 linakuwa la asilimia 40 na zaidi. Mfano mzuri ni Jabari, yale mawingu yaliyo chini ya ule mkanda wa nyota tatu ambao manahodha wetu waliujua kabla ya dira. Kwa miaka mingi watu waliandika parseki 450 au zaidi. Mwaka 2007 timu ya Karl Menten ikapima kwa paralaksi, yaani jinsi nyota inavyoonekana kusogea Dunia ikizunguka Jua, kwa mtandao wa darubini za redio wa VLBA, ikapata 414. Ukitoka 450 kwenda 414, kila donge la Jabari linapoteza asilimia 15 ya tungamo bila gramu moja kuondoka mahali pake.

Wewe umesema 3,000. Umeipata wapi? Kama ni kwa kasi ya wingu katika mzunguko wa galaksi, basi jua kwamba upande wa ndani wa mzunguko wa Jua kasi moja huwa na majibu mawili, la karibu na la mbali. Ikiwa jibu lako la mbali ni, tuseme, 11,000, Jua 247 za mwenzako zinageuka zaidi ya 3,300, na ugomvi wenu wa kelvini unakuwa mchezo wa watoto. Angalia picha za infraredi: donge likionekana kama doa jeusi mbele ya mwangaza wa galaksi, yaelekea liko karibu.

Kapa, kama nilivyoahidi, ndiyo aina ya makaa: gramu moja ya vumbi inang'aa kiasi gani. Namba yako ya 1.85 inatokana na majedwali ya Ossenkopf na Henning ya mwaka 1994, waliokokotoa chembe zilizogandamana na kuvaa barafu. Ni chaguo zuri kwa donge zito. Lakini hakuna aliyewahi kuitia chembe ya donge lako kwenye maabara. Chembe zikiwa uchi au zikiwa hazijagandamana, namba hubadilika, na wengi wetu tunakubali kwamba hapo pana shaka ya mara 2 hivi, juu au chini. Shaka hii huwezi kuipunguza kwa kurudia hesabu mara tatu wala mara mia. Ila ina huruma moja: ukilinganisha madonge ya wingu moja, yenye vumbi la aina moja na umbali mmoja, kapa na umbali vinakatana. Uwiano wa matungamo yao ni wa kuaminika kuliko tungamo la lolote kati yao. Ningekuwa msimamizi wako ningekusukuma upime madonge kumi ya wingu hilo badala ya moja.

Kuna mambo madogo ya kupitia haraka. Ndani ya bendi ya maikromita 870 mna mstari wa kaboni monoksaidi, na unaongeza mng'ao kidogo usio wa vumbi. Palipo na nyota kubwa, gesi iliyochomwa nayo inaweza kuchangia. Na APEX, kwa kuwa iko ardhini, inapofuta mng'ao wa hewa hufuta pia kila kitu angani kilicho laini na kipana kupita dakika 2.5 za tao. Kwa hiyo donge lako limenyolewa kingo, wakati picha ya Herschel haijanyolewa. Kingo zenyewe hazina mpaka wa kweli. Programu moja itakata pale, nyingine hapa. Andika ulikata wapi.

Nilisema hewa. Watu huniuliza mbona tusipime haya kutoka Pwani, hali Malindi iliwahi kurusha setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Uhuru ilitazama mionzi ya eksirei ikiwa angani, nje ya hewa. Kwa wimbi letu mvuke ndio adui. Hewa ya Mombasa, hii inayoigandisha chumvi kwenye kikopo kabla mwezi haujaisha, kwa maikromita 870 ni ukuta. APEX iko mita 5,100 juu ya bahari, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, na hata kule kuna siku wanafunga kazi.

Je, kuna njia isiyohitaji halijoto kabisa? Ipo, na ni nzuri: kivuli. Badala ya kupima vumbi linavyong'aa, unapima linavyozuia na kuwekundisha mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Mwaka 2001 João Alves na wenzake walifanya hivyo kwa Barnard 68, wingu dogo jeusi katika kundinyota la Hawaa, wakachora msongamano wake kutoka ukingoni hadi kitovuni. Lakini Barnard 68 liko jirani, parseki mia na kitu. Donge lako liko mbali, mbele yake pana nyota nyingi zisizohusika, na kitovu chake ni kizito kiasi cha kutopitisha nyota yoyote. Kwako njia hii itakupa pembezo tu.

Njia nyingine ni mwendo. Upana wa mstari wa amonia unakuambia gesi inatapatapa kwa kasi gani, na kutoka hapo unakokotoa tungamo linalohitajika ili mvutano uizuie isitawanyike. Wengine huliita tungamo la virial. Usilitumie kama mizani ya kwanza, kwa sababu linaanza kwa kudhani kwamba donge limejishika, jambo ambalo pengine ndilo unalotaka kulithibitisha. Litumie kama shahidi wa pili. Likikaribiana na la vumbi, lala usingizi. Likizidi mara tano, rudi mezani.

Sasa baba yako. Kazi yake anaijua vizuri kuliko mimi, lakini muulize jambo moja: kwenye mizani ya Mariakani, dereva wa lori anatetemeka kwa sababu ya kilo kamili, au kwa sababu ya kuvuka kiwango? Nawe jiulize donge lako unalipimia nini. Ikiwa swali ni kama linaweza kuzaa nyota kubwa, kipo kiwango. Jens Kauffmann na Thushara Pillai walikipendekeza mwaka 2010, na kwa kapa unayotumia kinakuwa Jua 580, mara nusu kipenyo kwa parseki kikiwa kimepandishwa kwenye kipeo cha 1.33. Kwa parseki 0.3 inatoka Jua 117 hivi. La kwako la 813 limevuka. La mwenzako la 247 limevuka. Hata ukiligawa la mwenzako kwa mbili kwa ajili ya shaka ya kapa, linabaki 123, limevuka kwa wembamba wa unywele. Lakini ikiwa swali ni gesi kiasi gani itageuka nyota, basi 813 na 247 ni majibu ya dunia mbili tofauti na halijoto haikwepeki.

Na usije ukaandika kwamba donge hili litakuwa nyota ya Jua 813, wala 247. APEX inaona kwa sekunde 19 za tao, ambazo kwa umbali wako ni karibu mwaka mzima wa nuru. Ndani ya doa hilo moja vinaweza kukaa viini kadhaa, yaani madonge madogo ndani ya donge, kila kimoja na nyota yake au nyota zake, na gesi nyingi itapeperushwa kabla haijatumika. Katika wingu la Pipe, Alves, Lombardi na Lada waliandika mwaka 2007 kwamba mgawanyo wa matungamo ya viini unafanana na ule wa nyota, ila umesogea, kana kwamba theluthi tu hivi ya kila kiini inafika kwenye nyota. Na hapo wanasema viini, si madonge makubwa kama lako.

Kuna mahali barua hii haitoshi, na nakuomba usiyamalize peke yako usiku wa manane. Picha ya APEX ikionyesha bonde la namba hasi kuzunguka donge, mng'ao wako umeliwa. Kitovu cha donge kikiwa hakina namba kabisa kwenye picha ya maikromita 250, kifaa kilijaa. Mstari wa amonia ukiwa na vilele viwili, huenda unayapima madonge mawili yaliyopangana kwenye mstari mmoja wa macho, na umbali wako ni wa nani? Kwa lolote kati ya hayo nenda ukaketi na msimamizi wako, ubebe picha zenyewe, usibebe namba tu. Akiwa hajawahi kuzishika data za namna hii, na si aibu, mwombe akutafutie aliyewahi kuzishika, mkae skrini moja. Saa moja ya kuangalia mtu anavyoondoa mandhari ya nyuma inazidi barua zangu kumi.

Kwenye ripoti andika tungamo kwa halijoto uliyoipima, na pembeni yake andika lingekuwa ngapi halijoto ikishuka au kupanda kwa kiasi cha shaka yako. Amonia ikikupa kelvini 17, utapata Jua 316 au karibu nayo. Ukipata kitu cha mbali na hapo, angalia ile mia kwanza. Na mwenzako msalimie. Mwambie makala yake nayo niletee, nataka kuona hiyo 20 waliitoa wapi.